Mama Akae Nyuma

Kwa karibu mwaka mzima gari langu lilikuwa na sheria moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha usalama barabarani: mama akae nyuma. Akikaa nyuma, taa ya njano kwenye dashibodi inazimika. Akikaa mbele, inawaka. Asipokuwemo kabisa, inawaka vilevile, tena kwa kiburi. Na mimi niliikubali sheria hiyo bila kuuliza, mimi mwalimu wa fizikia, mtu ninayewakata maksi watoto wa watu kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia.

Taa yenyewe ina picha ya kigari kinachoonekana kwa nyuma, na chini yake mistari miwili iliyojipindapinda. Ikiwaka ikabaki inawaka, maana yake ule mfumo unaoyazuia matairi yasiserereke umejizima, na kwenye utelezi dereva ajijue mwenyewe. Kwenye lami kavu ya Kibaha unaweza ukaishi nayo na usipungukiwe kitu. Ila mimi sikuwa mtu wa lami peke yake. Kila mwezi nilikuwa natoka Kibaha, nashika barabara kuu mpaka Mlandizi, nakata kushoto, nafuata vumbi mpaka mbele kidogo ya Mzenga, anakoishi mama yangu na kaka yangu na wifi. Vumbi lile likinyeshewa linageuka tope ambalo hata baiskeli hubebwa begani.

Gari ni dogo, la Kijapani, lilitengenezwa na watu ambao Mzenga hawajapata kuisikia. Safari ya kwanza lilikwangua tumbo njia nzima, nikawa nakunja uso kila jiwe kana kwamba linanikwangua mimi. Niliporudi nikalipeleka kwa kijana mmoja wa pembeni mwa barabara, akalinyanyua kama wanavyonyanyuliwa wote wanaokwenda shamba: akaweka vipande vya mpira mgumu kwenye springi za nyuma na mbele, gari likasimama juujuu kama kuku anayevuka dimbwi. Nikafurahi. Miezi michache baadaye ndipo taa ikaanza, na wala sikuyaunganisha mambo hayo mawili.

Sasa nimlete mama. Mama yangu ni mwanamke mwenye mwili, mwenye sauti, na mwenye kichwa kigumu ambacho, nasikia, nimekirithi chote. Amelima maisha yake yote. Ile miaka ya karibuni alianza kupishana na milango. Anakwenda kutoka, bega linagonga fremu. Nilimpeleka hospitali Kibaha, wakasema ni presha ya macho. Daktari, binti mpole ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alimweleza taratibu: kilichokwisha kupotea hakirudi, tunalinda kilichobaki. Matone kila siku, na kupimwa kila mwezi bila kukosa.

Mama akasikia nusu ya kwanza tu.

“Kama hakirudi,” aliniambia tukiwa njiani kumrudisha, “nafuata nini huko?”

Alikwenda mara ya pili kwa kuniridhisha. Mara ya tatu akagoma. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanuna. Yeye alikaa barazani anamenya mihogo kwa kuipapasa, akaniambia macho yake yamezeeka pamoja naye, niyaache yapumzike. Niseme wazi kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeona pale hospitali wazee wanaoongozwa kwa mkono na wajukuu, na kila nikimtazama mama namwona ameshikwa mkono na mtu, yeye ambaye hata kuvushwa barabara alikuwa anaona ni kudharauliwa.

Siku hiyo ya kugoma ndiyo taa ilipoingia kwenye maisha yetu. Wifi alikuwa anapakia mzigo kwenye buti, maana kwa mama gari haliondoki tupu. Hata uje dakika kumi, hata uje umenuniwa, utaondoka na mihogo, nazi, kisamvu, na nanasi kama ni msimu wake. Kutoka nyumbani mikono mitupu kwake ni sawa na kufukuzwa. Basi mimi huku nimenuna, wifi anapakia, na kwa hasira zangu nikaanza kumlalamikia wifi habari ya taa: fundi wa kwanza alichomoa betri akairudisha, taa ikazimika siku moja tu, wa pili alibandika utepe mweusi juu ya taa akaniambia, “Haya mama, tatizo kwisha.” Nilimbandulia utepe wake palepale.

Mama akasikia. “Gari linaumwa?”

“Lina taa haizimiki.”

Akanyanyuka, akaja akipapasa ubavu wa gari, akafungua mlango wa nyuma akaingia. Akasema ngoja alisomee. Alisoma Fatiha na dua nyingine ndefu, akapuliza kuelekea mbele, akaniambia niwashe. Nikawasha, kwa adabu tu. Taa zote za dashibodi zikawaka kama kawaida ya gari linapoamka, kisha zikaanza kuzimika moja moja. Na ile ya njano nayo ikazimika.

“Imezimika?” akauliza, maana kutoka kule nyuma hakuwa anaiona.

“Imezimika.”

Halafu akamwita wifi amletee mtandio wake na kadi ya hospitali. “Twende,” alisema. “Isije ikawaka njiani uko peke yako.”

Hivyo ndivyo mama alivyorudi kliniki. Baada ya siku mbili nilimrudisha Mzenga akiwa nyuma, na mfuko wa unga na sukari na ndoo ya mafuta pembeni yake, taa imezimika. Nikashusha watu na vitu, nikageuza gari, nikawasha. Ikawaka. Jioni akapiga simu kwa mkono wa wifi, neno la kwanza likawa hilo: “Imewaka?” Nikamwambia imewaka. “Usijali. Mwezi ujao nakuja kukuzimia.”

Tangu hapo hakugoma tena. Tarehe ya kliniki ikikaribia, ndiye anayeanza kunikumbusha, na sababu anayoitaja si macho bali gari. Siku moja alikaa mbele kwa kuwa kiti cha nyuma kilikuwa na trei za mayai za wifi, na mzigo siku hiyo ulikuwa mdogo. Taa ikawaka njia nzima. Mama akasema dua haisafiri vizuri kutoka kiti cha mbele, na hiyo ndiyo siku sheria ilipopitishwa.

Mtu atauliza, na wewe mwalimu ulikuwa unafikiri nini? Nilikuwa nafikiri nisifikiri. Nilijua pana sababu, na kwamba mtu mwenye akili akikaa na lile gari nusu saa ataipata. Nilikwenda mara moja kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, ili tu nisijione mjinga, lakini nilikwenda moja kwa moja kutoka Mzenga, mama yuko nyuma na mihogo iko kwenye buti. Fundi akaunganisha waya wake, akasoma, akasema kuna kosa la zamani tu, amelifuta, kwa sasa gari ni zima. Mama kule nyuma akakohoa kikohozi cha ushindi. Nikaondoka nimeridhika kuliko fundi. Taa ile ndiyo ilikuwa inampeleka mama yangu hospitali. Mimi nani hata niitengeneze?

Masika yalipoingia ndiyo yaliyonitoa usingizini. Ilikuwa Ijumaa, naenda kumchukua, gari jepesi, taa inawaka. Baada ya Mlandizi kuna mteremko unaoshukia kwenye kijito. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nilishuka taratibu, gia ndogo, nikagusa breki kidogo tu, na sehemu ya nyuma ya gari ikaamua kutangulia mbele. Hakuna kelele. Liligeuka polepole kabisa, nikaiona barabara ikipita mbele ya kioo kutoka kulia kwenda kushoto, kisha nikawa ndani ya mtaro, majani yamelala kwenye dirisha langu. Sikuumia popote. Watu watatu waliokuwa wanapalilia karibu wakaja wakalisukuma, mmoja wao, mtu mzima, akiyatazama matairi na kuniuliza kwa nini gari halina nguo za masika. Nilicheka. Nilipofika juu ya kilima nilisimama nikalia.

Mama alinipokea barazani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.” Akanishika mkono, akakuta tope limekauka mpaka kiwikoni. Akaupapasa mkono wote, akapanda mpaka begani. “Umeanguka?”

“Gari limeserereka. Siyo kitu.”

Hakusema pole. Alisema, “Na mimi sikuwemo.”

Aliisema kama mtu aliyechelewa kazini. Safari yote ya kwenda Kibaha alikuwa anasoma dua, na wiki iliyofuata wifi akaniambia kwenye simu kwamba mama siku hizi anaamka kabla ya adhana, anakaa kitandani anasoma kwa ajili ya gari, hata siku ambazo mimi siendi popote. Wifi alikuwa anasimulia kama jambo la kusifia. Mimi nilikaa na simu mkononi nikaona aibu. Nilimpa mama yangu kazi ya kulinda chuma usiku na mchana, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Siku iliyofuata nikalipeleka gari kwa fundi mwingine wa pale Maili Moja, mtu wa makamo ambaye nilisikia akisifiwa kwamba anauliza kabla ya kushika spana. Ni kweli. Alijifuta mikono, akavuta kiti cha plastiki, akaniuliza kama daktari.

“Mwalimu, inawaka muda gani? Asubuhi? Ikipata joto? Ukikata kona?”

Nilijaribu kukwepa. Mwisho nikamwambia ukweli. “Mama yangu akikaa nyuma, inazima.”

Nilisubiri acheke. Hakucheka. “Akikaa mbele?”

“Inawaka.”

“Anakujaga na mzigo?”

“Hajawahi kuja bila mzigo.”

Akafikiri. “Samahani mwalimu. Mama ana mwili?”

Nikamwambia anao. Fundi akanyanyuka, akaenda kwa mama lishe wa jirani, akamwomba yeye na wateja wake wawili waje wakae kwenye gari kidogo, wasiulize kitu. Mama lishe alikuja na mwiko wake. Walijibana kiti cha nyuma, matairi ya nyuma yakaingia ndani ya gari kwa upana wa vidole viwili. Fundi akaniambia niwashe, nitembeze mpaka kwenye nguzo na kurudi. Taa ikazimika. Akawashusha, akaniambia nizime, niwashe, nitembeze tena. Ikawaka.

“Mmeona?” mama lishe akauliza. “Mimi nina baraka.”

Nilicheka mpaka nikaegemea usukani, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake, maana tayari nilikuwa nimejua. Ningejua mwaka mzima uliopita kama ningejiuliza swali moja ambalo nawauliza kidato cha kwanza: nini kimebadilika?

Fundi alipiga jeki nyuma, tairi la kushoto likaning'inia, akaniita chini nione. Nyuma ya kila tairi kuna kisensa kidogo kinachohesabu mzunguko wa tairi, na kutoka hapo unatoka waya kuingia ndani ya gari. Ule waya ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia mablanketi. Aliyenyanyua gari alinyanyua springi, waya akauacha na urefu wake wa kiwandani. Kila shimo la njia ya Mzenga lilikuwa linauvuta, mpaka shaba ikakatika ndani ya ngozi ya plastiki, nje huoni kitu. Gari likiwa jepesi, tairi liko mbali, waya umekazwa, ncha mbili zimeachana. Likibeba uzito nyuma, gari linashuka, waya unalegea, ncha zinagusana, hesabu inakamilika, taa inazima.

“Kwa hiyo ni mama yako kweli,” fundi akasema. “Yeye na mihogo yake.”

Alikata kipande kibovu, akaunga kingine kirefu zaidi kwa kulehemu, akakifunika vizuri maji yasiingie, akakishikiza upya mahali ambapo hakitavutwa hata gari likiruka. Akakagua na upande wa kulia, ambao nao ulikuwa njiani kukatika, akaufanya vilevile. Nikalijaribu tupu kwenye matuta ya mtaa wa nyuma. Kimya. Dashibodi ilikuwa nyeusi, safi, na mimi sikujisikia raha hata kidogo.

Wiki tatu nzima nilimdanganya. “Imewaka?” anauliza kwenye simu. “Iko vilevile,” najibu. Nilipanga nimfiche moja kwa moja. Macho yake hayawezi kuifikia dashibodi kutoka kiti cha nyuma, wifi haelewi taa, na uongo wenyewe ni mdogo, wa kusema neno moja kila mwezi. Kliniki ingeendelea, kilichobaki kingelindwa. Niliona nimepanga vizuri.

Siku ya kumchukua nilimkuta ameshavaa, yuko tayari. Kulikuwa na mawingu. Mihogo iliingia kwenye buti, nazi zikafuata. Akaingia nyuma, akajiweka sawa, akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko siku zote. Nilimwona kwenye kioo, macho amefumba, jasho linamtoka juu ya mdomo, mzee wa watu anaisukuma mvua kwa pumzi yake. Akapuliza.

“Leo nimeanza toka alfajiri,” alisema. “Kwa ajili ya ule mteremko. Washa.”

Sikuwasha. Mkono ulikuwa kwenye ufunguo na haukutaka kugeuka.

“Mama,” nikasema, “gari limepona. Nimelitengeneza tangu mwezi uliopita.”

Nikamweleza yote: mipira ya springi, waya, tairi. Nikamweleza kwamba akikaa nyuma na mzigo wake gari lilikuwa linashuka, na waya unagusana. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa naogopa kunyamaza.

“Kumbe mihogo,” akasema.

“Mihogo na wewe.”

“Na kwenye simu uliniambia iko vilevile.”

“Nilikudanganya. Niliogopa ukijua hutakuja tena hospitali.” Nikautoa mkono kwenye ufunguo. “Gari halikuhitaji tena, mama. Mimi ndiye ninayekuhitaji. Sitaki upofuke.”

Hilo neno hatukuwa tumewahi kulitamka kwenye familia yetu. Wifi, aliyekuwa amesimama karibu na buti, aliangalia chini.

Mama akafungua mlango akashuka. Sikugeuka. Nilisikia kiganja chake kinapita kwenye bati la gari, na nikajua anarudi barazani, na kwamba ni mimi niliyemrudisha, kwa ukweli wangu niliouleta mwaka mzima umechelewa. Wifi akamwambia, “Mama, mzigo nishushe?”

“Mihogo iache hukohuko nyuma,” mama akajibu. “Yenyewe imezoea kazi.”

Mlango wa mbele ukafunguka. Akaingia, akavuta miguu yake mmoja baada ya mwingine, akakaa pembeni yangu, akajifunga mkanda kwa kuupapasa.

“Mimi nakaa mbele leo,” alisema. “Muda wote huo nimekaa huko nyuma naangalia kisogo chako kwa ajili ya gari. Sasa acha nikuone uso, ningali naona.”

Nikawasha. Taa zote zikawaka, zikaanza kuzimika.

“Ilikuwa wapi hiyo taa?”

Nikamshika kidole chake cha shahada, nikakiweka juu ya kioo cha dashibodi, mahali penyewe. Alipasugua kidogo kwa ncha ya mtandio, kama anafuta vumbi, akasema haya, twende, tusichelewe namba za kliniki. Tulishuka mpaka kijitoni, tukaupanda ule mteremko, tukaiacha njia ya vumbi na kuingia lami pale Mlandizi. Kila nilipogeuza macho kidogo nilimkuta amenielekezea uso wake wote, wala si barabara.